FATAKI, BARUTI NA SHERIA: TWATAKA MSUMENO UKATAO MBELE NA NYUMA



Neno fataki lina maana mbili, na wachimbaji wanazijua zote mbili. Fataki ni kile kidude kidogo kinachotiwa ndani ya baruti ili ilipuke na kupasua mwamba. Fataki pia ni kile cha sikukuu, ambacho kijana hukiwasha njiani kikalia, na wenziwe wakacheka. Hicho cha kwanza kina sheria yake, kina ghala lake, kina mtu wake mwenye cheti. Hicho cha pili huuzwa meza moja na sabuni na biskuti, na mtoto wa miaka minane akiwa na faranga zake hupewa. Leo tunataka kusema juu ya hicho cha pili, maana watu wengi hudhani ni jambo la kitoto. Sisi twaona si la kitoto hata kidogo.

Kwanza twataka ieleweke kwamba hatuandiki ili kuwanyima watu furaha yao. Furaha za maskini ni chache, na mwenye kuzipunguza bila sababu ni adui wa maskini. Mwaka unapokwisha na mtu akajikuta bado yu hai, watoto wake wamo ndani, sufuria iko motoni, ana haki ya kushangilia. Siku ya 30 Juni, tunapokumbuka uhuru wa mwaka 1960, ni haki vilevile kushangilia. Lakini furaha ya mtu mmoja isiwe hofu ya jirani yake. Hapo ndipo sheria inapoingia.

Fikirini juu ya masikio ya watu wetu. Bibokoboko iko vilimani juu ya Baraka. Mwaka 2021, mwezi wa Oktoba, vijiji vya huko vilishambuliwa, watu wakakimbia na watoto migongoni, wakaacha mashamba na mifugo. Katika miaka hiyohiyo vijiji vya jirani vya Wabembe na vya Wafuliru navyo viliungua, na wenyewe wakatawanyika vivyo hivyo. Hatuandiki haya ili kuhesabiana madeni. Twaandika kwa sababu mama aliyetoka kijiji hiki na mama aliyetoka kijiji kile, wote wawili wakisikia mlio mmoja usiku, hufanya jambo lile lile: huzima taa, humnyanyua mtoto, husikiliza mlio wa pili utatokea upande gani. Wahenga walisema, mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Hapa kwetu nyoka hajatuuma mara moja.

Fataki ya sikukuu hailii kama ngoma wala kama tarumbeta. Hulia kama bunduki. Mtu aliye ndani ya nyumba, mlango umefungwa, hawezi kujua kama ni kijana anayecheza au ni adui anayeingia. Askari wa zamu naye hawezi kujua. Mtu mwenye silaha akishtuka gizani, kidole chake huweza kutangulia akili yake. Kijana aliyewasha fataki kwa kucheza akipigwa risasi, tutamlaumu nani? Yule aliyepiga? Yule aliyeuza? Au sisi tulioona jambo hilo kila Desemba tukanyamaza? Na wafugaji nao watuambie ng'ombe hufanya nini wakisikia mlipuko usiku karibu na zizi. Hawangoji kuambiwa kwamba ni sikukuu. Huvunja uzio na kukimbia, na anayekwenda kuwatafuta gizani ni mtoto wa mtu.

Pili, fikirini juu ya moto wenyewe. Watu huwapa watoto wadogo vile vijiti vya cheche, vile vinavyomwaga nyota, kwa kuwa havilii. Husema, "Hicho hakina neno." Ninyi wa dhahabu mnajua kwamba dhahabu huyeyuka kwa joto la digrii 1064. Basi kijiti kile cha mtoto, kinapowaka, huweza kufika joto hilo na hata kulipita. Moto uwezao kuyeyusha dhahabu tumeuweka mkononi mwa mtoto aliyevaa nguo ya nailoni! Kikiisha kuwaka, waya wake hubaki wa moto. Mtoto hukitupa, na mwingine asiye na viatu hukikanyaga.

Ile ya kuruka juu nayo haiulizi njia. Iliyotengenezwa vibaya, au iliyokaa kwenye unyevu wa boti wakati wa kuvuka ziwa, au iliyosimamishwa juu ya mchanga usioshika, hulala ubavu na kwenda inakotaka. Paa zetu nyingi ni za nyasi. Kando ya barabara wako kina kadhafi na chupa zao za petroli, na ufukweni kuna maboti yenye mapipa ya mafuta. Huko Sange, katika Uvira, tarehe 2 Julai 2010, lori la mafuta lilipinduka na kuwaka moto, watu zaidi ya 200 wakateketea, wengine wakiwa ndani ya nyumba wakitazama mpira. Haikuwa fataki, lakini tangu siku ile hakuna mtu wa Kivu ya Kusini anayeweza kusema hajui petroli na moto hufanya nini vikikutana mahali penye watu. Basi kwa nini mwenye kuuza fataki akae meza ya pili kutoka kwa kadhafi?

Tatu, hata fataki zilizorushwa vizuri na watu wenye ujuzi zinahitaji utaratibu. Usiku wa 31 Desemba 2022, mjini Kampala, kwenye jumba la biashara liitwalo Freedom City, watu walitolewa nje kwenda kutazama fataki za mwaka mpya. Zilirushwa, zikapendeza, hazikumwunguza mtu. Zilipokwisha, watu wote wakataka kurudi ndani kwa pamoja kupitia njia nyembamba. Wakasongamana, wakakanyagana, wakakosa pumzi. Watu wasiopungua 9 walikufa, wakiwamo watoto. Hawakuuawa na moto. Waliuawa na mlango, na mtu ambaye hakufikiri kabla juu ya mlango. Sheria nzuri ya fataki haiulizi juu ya fataki peke yake. Huuliza pia watu watasimama wapi, watatokea wapi, na nani atawaongoza.

Nne, juu ya ghala. Tarehe 13 Mei 2000, katika mji wa Enschede huko Uholanzi, ghala la fataki lililokuwa katikati ya nyumba za watu lilishika moto na kulipuka. Watu 23 walikufa, wanne kati yao wazima moto, na karibu 950 wakaumia. Uholanzi ni nchi tajiri, yenye magari ya kuzima moto, hospitali na wakaguzi. Kama huko mtaa mzima uliweza kubomolewa na vitu vya kuchezea vilivyowekwa pabaya, sisi tusio na gari hata moja la maji twajitegemeza kwa nini? Dar es Salaam nako wanakumbuka Mbagala, 29 Aprili 2009, na Gongo la Mboto, 16 Februari 2011, maghala ya silaha yalipolipuka karibu na makazi ya watu, na kila mara zaidi ya watu 20 wakafa. Brazzaville wanakumbuka Mpila, 4 Machi 2012, walipokufa watu wapatao 300. Hayo yalikuwa mabomu ya jeshi, si fataki. Lakini somo ni moja: kilicho na baruti kisilale mahali wanapolala watu.

Sasa twageuka kwenu, ndugu wachimbaji, kwa sababu katika jambo hili ninyi ndio walimu. Mnajua kwamba baruti hukaa mbali na nyumba, na fataki zake hukaa mbali na baruti. Mnajua kwamba anayelipua ni mtu mmoja aliyefundishwa, na kabla ya kulipua hupigwa filimbi na watu hutoka. Mnajua kwamba baruti iliyogoma haifuatwi upesi wala haichokonolewi, na kwamba hata iliyolipuka vizuri huacha moshi wenye sumu unaomlaza mtu pasipo yeye kujua. Haya hayakutoka vitabuni tu. Kila kanuni ya baruti iliandikwa baada ya mtu kuzikwa.

Na mnajua jambo lingine. Nchi yetu ina sheria ya madini ya mwaka 2002, iliyogeuzwa mwaka 2018, na kanuni za mwenendo zilizofungamana nayo zinamkataza mchimbaji mdogo kutumia baruti. Kwa maandishi mambo yamekwisha. Lakini mwamba ni mgumu, njaa ni kali, na mwenye baruti ya kuuza kwa siri hakosekani. Mlipuko ukienda vibaya, anayefukiwa ni mchimbaji. Akitoka mzima, anayekamatwa ni mchimbaji. Yule aliyeileta, yule aliyeificha kwenye gunia la unga, yule aliyepokea kitu kidogo ili gunia lisifunguliwe, hao hatuwaoni kufukiwa wala kukamatwa. Hiyo ndiyo sheria isiyo na macho mawili. Humwona aliye chini shimoni, haimwoni aliye juu mlangoni.

Kwa hiyo twasema mapema: hatutaki sheria ya fataki ya namna hiyo. Hatutaki amri ya kukataza kila kitu, inayobandikwa ukutani tarehe 20 Desemba kwa Kifaransa, kisha ikawa njia ya kujipatia riziki kwa wachache. Tumekwisha kuona mambo hayo. Mama mwenye meza ndogo hunyang'anywa bidhaa zake bila risiti, na jioni bidhaa zile zile zinauzwa kona nyingine. Wakati huohuo, kwenye ua wa mtu mkubwa anayefanya karamu, fataki hurushwa mpaka saa nane za usiku na hakuna anayegonga mlango. Watu wakiona hayo, hawajifunzi kutii sheria. Hujifunza kwamba sheria ni kitu cha kununua.

Wako wengine watakaotujibu hivi: "Nchi yenye vita, yenye njaa na barabara mbovu, ninyi mwaandika juu ya fataki?" Swali hilo ni la haki nasi twalijibu. Ni kwa sababu ya vita ndiyo tunaandika. Nchi yenye amani inaweza kuvumilia mlio wa kijinga, sisi hatuwezi. Tena jambo hili halingoji fedha za wafadhili wala mkutano wa wakubwa nchi za mbali. Ni jambo tunaloweza kulitengeneza wenyewe, katika mji na katika kartie, kwa kikao kimoja na karatasi moja. Watu wasioweza kukubaliana juu ya fataki watakubalianaje juu ya malisho, juu ya mashamba, na juu ya nani arudi kijiji gani?

Wengine watasema, "Basi zikatazwe kabisa, yaishe." Wenye kusema hivi twawaheshimu, na kwa vijiji vya vilimani, ambako watu wanarudi kwa woga, huenda maneno yao ndiyo sawa. Lakini tazameni nchi nyingine. Kenya imeziweka fataki chini ya sheria ya baruti, na mwenye kutaka kuzirusha hutafuta kibali kwanza. Uganda polisi hutangaza kabla ya mwaka mpya ni mahali gani pamepewa ruhusa. Tanganyika ilitunga sheria yake ya baruti mwaka 1963, uhuru wake ukiwa bado mchanga. Uingereza, kwa kanuni za mwaka 2004, fataki haziruhusiwi kurushwa tangu saa tano za usiku hadi saa moja asubuhi, isipokuwa siku chache za sikukuu muda huo husogezwa mbele. India, katika mwaka 2018, mahakama ya juu kabisa ilitoa saa mbili tu za usiku wa Diwali, tangu saa mbili hadi saa nne. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyosema furaha ni dhambi. Zote zilisema: furaha iwe na saa yake na mahali pake, ili asiyeitaka aweze kujitayarisha.

Hayo ndiyo tunayoyataka sisi, na tunayataja moja moja ili asiwepo wa kusema hakuelewa.

Twataka anayeuza fataki ajulikane kwa jina na kwa duka, asiwe mchuuzi apitaye na mfuko. Duka lake lisiwe karibu na petroli, wala mkaa, wala shule, wala zahanati. Asiweke nyingi kwa pamoja ndani ya nyumba anamolala mke na watoto.

Twataka asiuziwe mtoto. Uingereza aliye chini ya miaka 18 hauziwi zile za watu wazima. Sisi tuna sababu nyingi kuliko Waingereza za kufuata kipimo hicho.

Twataka zile za kulipuka kwa kishindo tu, zisizo na nuru wala rangi, ziondolewe sokoni kabisa. Hizo hazimfurahishi mtu macho. Kazi yake ni kushtua tu, na sisi tumekwisha kushtuliwa vya kutosha. Kama tunapenda kutazama rangi, rangi zipo: nyekundu ile hutoka katika madini, kijani vilevile, na ile ya samawati hutokana na shaba, mali ambayo nchi hii inaitoa kwa wingi. Zitazamwe na watu wote kwa pamoja, ufukweni, zikirushwa kuelekea majini, na mtu anayejua kazi. Waitwe wachimbaji wenye ujuzi wa baruti wasimamie. Wao wanajua filimbi na wanajua kungoja.

Twataka tangazo litolewe siku tatu kabla, redioni, kanisani, msikitini na sokoni, kwa Kiswahili, kwa Kibembe, kwa Kinyamulenge na kwa Kifuliru: siku fulani, saa fulani, mahali fulani, mtasikia milio, msikimbie. Tangazo halina gharama, na huenda likaokoa maisha kuliko bunduki kumi za walinzi. Lina faida nyingine tena: mlio utakaosikika nje ya saa hiyo, kila mtu atajua si wa sikukuu.

Twataka faini iwe ndogo, ijulikane, na iwe na risiti. Kitakachochukuliwa kwa mwuzaji kiandikwe na kiharibiwe mbele ya watu. Faini isiyo na risiti ni wizi uliovaa sare.

Na jambo la mwisho ndilo kubwa. Sheria ni msumeno; hukata mbele na nyuma. Tukimkataza mtoto fataki ya faranga chache, tutamfanyaje mtu mzima anayepiga risasi hewani kwa sababu ameoa, au kwa sababu timu yake imeshinda, au kwa sababu amelewa? Nchi ina sheria ya silaha na risasi tangu mwaka 1985. Risasi iliyopanda lazima ishuke, na inaposhuka haichagui paa. Awe askari, awe kijana wa kikundi chochote kinachojiita mlinzi wa wananchi, atakayepiga risasi ya furaha ahesabiwe kosa mbele ya yule aliyewasha fataki, si nyuma yake. Mkianza na mtoto na kumwacha mwenye bunduki, watu watacheka, nasi tutacheka pamoja nao.

Wazazi, msingojee karatasi. Waambieni watoto wenu maneno mawili leo hii. La kwanza: fataki iliyowashwa ikakataa kulia isishikwe tena, imwagiwe maji mengi na iachwe. La pili: kitu chochote cha chuma, cha duara au chenye mkia, kinachookotwa shambani au mtoni, si kitu cha kuchezea. Milima yetu imepitiwa na majeshi mengi, na kila jeshi huacha kitu nyuma. Mtoto aliyezoea kufurahia vitu vinavyolipuka hukimbilia pale anapotakiwa kukimbia.

Tunatazamia siku ambayo mlio utasikika Bibokoboko usiku, mama akainua kichwa, akakumbuka tangazo la jana, akamwamsha mtoto wake na kumwambia, "Toka nje utazame." Siku hiyo haitaletwa na fataki wala haitaletwa na sheria ya fataki peke yake. Lakini watu wanaojifunza kupeana habari kabla ya kupiga kelele wamekwisha kuanza safari ya kuifikia.

Wenye madaraka wa mji na wa wilaya wamesikia. Desemba haiko mbali. Twangoja jibu.